Majaji wa Shirikisho la Marekani: Uteuzi Wao na Muda wa Utumishi Wao

Utangulizi

Katika darasa la Kiswahili mara nyingi huzuka maswali ambayo chanzo chake si sarufi wala fasihi. Mwanafunzi amesikiliza taarifa ya habari redioni. Amesikia kwamba jaji mmoja wa Marekani ameizuia amri ya Rais wa nchi ile, na kwamba Rais amekasirika lakini jaji yungali kitini pake. Basi mwanafunzi huuliza: Jaji huyo aliwekwa na nani? Akijibiwa kwamba aliteuliwa na Rais, huuliza tena: Ikiwa mwenye kuteua ni Rais, mbona Rais hamwondoi?

Swali hilo la pili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mwalimu aweza kulijibu kwa sentensi moja, kwamba Katiba ya Marekani inakataza. Lakini Katiba ni maandishi, na maandishi yana waandishi wake, nao huandika wakikumbuka yaliyowapata. Wahenga walisema, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Katika makala haya tunakusudia kueleza nyoka aliyewatafuna Wamarekani wa kwanza, jinsi walivyojikinga naye, na gharama ya kinga hiyo mpaka siku hizi.

Mambo ya kubainisha kwanza

Marekani ni shirikisho la majimbo 50. Kila jimbo lina serikali yake, bunge lake na mahakama zake. Na katika majimbo mengi majaji wa jimbo hupigiwa kura na wananchi, au hupewa muhula wa miaka maalumu. Juu ya majimbo hayo iko serikali ya shirikisho, ambayo nayo ina mahakama zake mbali. Hao majaji wa shirikisho ndio tunaowazungumzia hapa, na miongoni mwao hakuna hata mmoja anayepigiwa kura na wananchi.

Mahakama za shirikisho zina ngazi tatu. Chini ziko mahakama za wilaya, ambazo idadi yake ni 94. Humo ndimo mashauri husikilizwa kwa mara ya kwanza. Katikati ziko mahakama za rufani, nazo ni 13. Kileleni iko Mahakama ya Juu, yenye majaji 9, mjini Washington. Viti vyote vya majaji katika ngazi hizo ni yapata 870.

Hapana budi pia tuwaondoe katika hesabu hiyo baadhi ya watumishi wa mahakama ambao huitwa majaji lakini hawana ulinzi tutakaoueleza. Kwa mfano, majaji wa mashauri ya kufilisika huteuliwa na mahakama za rufani kwa miaka 14, na wasaidizi wa majaji wa wilaya wanaofanya kazi kwa wakati wote huwekwa na majaji hao kwa miaka 8. Hao muhula ukiisha huondoka, wasipoteuliwa upya.

Mfalme na majaji wake

Tunarudi nyuma hadi Uingereza ya karne ya 17, kwa kuwa huko ndiko mambo yalikoanzia. Zamani zile jaji wa Uingereza alipewa hati ya kazi iliyosema kwamba atatumikia apendavyo Mfalme. Mfalme akipenda, jaji hukaa. Asipopenda, jaji huenda zake. Mwaka 1616 Mfalme James wa Kwanza alimwondoa Edward Coke, jaji mkuu aliyesifika kuliko wote katika zama zake, kwa sababu Coke hakukubali kwamba Mfalme aweza kuziamuru mahakama zisimamishe shauri. Wafalme waliomfuata James nao waliwaondoa majaji waliowaudhi. Mtu aliyekuwa na shauri dhidi ya Mfalme alikuwa sawa na mtu apelekaye kesi ya nyani kwa ngedere.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1688, Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 1701 iliyoagiza kwamba hati za majaji zibadilishwe. Tangu sheria hiyo ilipoanza kutumika, jaji alitumikia maadamu mwenendo wake ni mwema, na hakuweza kuondolewa ila kwa ombi la mabaraza yote mawili ya Bunge.

Sisi walimu wa lugha twapaswa kuyatazama vizuri maneno haya mawili. Katika "apendavyo", kipimo kimo moyoni mwa mtu mwingine, na jaji hana njia ya kukijua wala ya kukitimiza. Katika "maadamu", kipimo kimo katika matendo ya jaji mwenyewe. Isitoshe, neno "maadamu" hubeba muda na sharti kwa pamoja: ndiyo kusema, kazi itadumu kadiri sharti linavyodumu. Ndiyo maana tunaliona lafaa kuliko tafsiri ya neno kwa neno tunayoisikia wakati mwingine, "wakati wa tabia njema", ambayo humfanya msikilizaji adhani kwamba kuna majira ya tabia njema na majira ya tabia mbaya, kama masika na kiangazi.

Sheria ya 1701 haikuvuka bahari. Katika makoloni ya Amerika magavana na mabaraza ya wenyeji waligombana juu ya hati za majaji, hata mwaka 1761 serikali ya Uingereza ikaamuru kwamba majaji wa makoloni wapewe hati za apendavyo Mfalme tu. Mwingereza wa London akawa na jaji aliyelindwa, na ndugu yake wa New York akawa na jaji aliye mkononi mwa Mfalme. Walowezi hawakulisahau jambo hilo. Walipotangaza uhuru mwaka 1776, miongoni mwa malalamiko waliyoyaorodhesha dhidi ya Mfalme George wa Tatu lilikuwamo hili, kwamba amewafanya majaji wamtegemee yeye peke yake kwa muda wa kazi zao na kwa mishahara yao.

Mkutano wa Philadelphia

Mwaka 1787 wajumbe wa majimbo walikutana mjini Philadelphia kuandika Katiba. Juu ya muda wa utumishi hawakubishana sana; wote walikuwa wametafunwa na nyoka mmoja. Ugomvi ulikuwa juu ya nani ateue. Wengine walitaka majaji wateuliwe na Bunge zima. Wengine, kama James Wilson wa Pennsylvania, walitaka mtu mmoja ateue, yaani Rais, ili ajulikane mwenye kulaumiwa uteuzi ukiwa mbaya. Wengine tena waliogopa kwamba hiyo itakuwa kumrudisha Mfalme kwa jina jingine, wakataka kazi hiyo iachiwe Seneti.

Mzee Benjamin Franklin, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 80, aliwachekesha wajumbe kwa kuwaeleza utaratibu aliosema ulikuwapo Scotland. Huko, alisema, majaji huteuliwa na mawakili, nao siku zote humteua aliye hodari kuliko wote, ili aondoke katika uwakili nao wagawane wateja wake.

Mwezi wa Septemba walipatana. Rais atapendekeza jina. Seneti itashauri na kukubali. Na jina likikubaliwa Rais atateua. Kuhusu muda, Katiba ilisema kwamba majaji watashika kazi zao maadamu mwenendo wao ni mwema, na kwamba mishahara yao haitapunguzwa muda wote watakapokuwa kazini. Wasomaji watambue kwamba neno "maisha" halimo. Watu wengi husema kwamba majaji hawa huwekwa kwa maisha yao yote, na ndivyo mambo yanavyokuwa mara nyingi. Lakini Katiba yenyewe iliweka sharti la mwenendo, haikuweka ahadi ya umri. Jambo jingine la ajabu ni kwamba Katiba haikutaja sifa yoyote ya jaji. Haikutaja umri, wala uraia, wala elimu ya sheria.

Twaweza kuufahamu mpango huu kwa methali yetu isemayo, mkono mtupu haulambwi. Kabla ya uteuzi, mkono wa Rais umejaa, na anayetaka ujaji aweza kuulamba. Baada ya uteuzi, mkono huo ni mtupu. Rais hawezi kumnyang'anya jaji kiti, hawezi kumpunguzia mshahara, wala jaji hahitaji kuomba muhula wa pili. Alexander Hamilton, alipoitetea Katiba mwaka 1788, alieleza kwamba mahakama ndiyo dhaifu katika mihimili mitatu ya dola, kwa kuwa haina jeshi wala hazina. Kwa hoja yake, kudumu kazini ndiyo ngome kuu ya mhimili huo dhaifu.

Hatua za uteuzi

Kiti kikiwa wazi, Rais hushauriana na watu wake, kisha hulipeleka jina katika Seneti. Ikiwa ni kiti cha mahakama ya wilaya, kuna desturi ya tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ya kuwapelekea maseneta wawili wa jimbo linalohusika karatasi ya rangi ya buluu ili waseme kama wanaafiki. Desturi hiyo haimo katika Katiba, lakini imeua majina mengi kimyakimya.

Jina hufikishwa mbele ya Kamati ya Sheria ya Seneti. Siku hizi mteule huketi mbele ya kamati na kuulizwa maswali hadharani. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1916, Louis Brandeis alipopendekezwa kwa Mahakama ya Juu, wanakamati waliwasikiliza mashahidi kwa majuma mengi, lakini Brandeis mwenyewe hakufika. Mteule wa kwanza wa Mahakama ya Juu kufika mwenyewe mbele ya kamati alikuwa Harlan Fiske Stone, mwaka 1925. Kamati ikimaliza, Seneti nzima hupiga kura, na wingi wa kawaida watosha. Ndipo Rais hutia sahihi hati ya uteuzi, na jaji huapa.

Iko njia ya mkato. Seneti ikiwa likizoni, Rais aweza kumweka jaji kwa muda, naye hukalia kiti mpaka mwisho wa kikao kinachofuata. Jaji wa namna hiyo hana ngome ya Hamilton, kwa kuwa riziki yake ingali mkononi mwa maseneta. Tutakutana na mmoja wao hapa chini.

Kuondolewa

Maadamu mwenendo ni mwema. Je, ukiwa mbaya? Katiba inasema kwamba Baraza la Wawakilishi ndilo humshtaki jaji, na Seneti ndiyo huhukumu, nayo haiwezi kumwuzulu mpaka thuluthi mbili za maseneta waliohudhuria wakubali. Tunapenda kutumia neno "kuuzulu" hapa ili wanafunzi walitofautishe na "kujiuzulu". Jaji hujiuzulu kwa hiari yake. Huuzuliwa na wengine. Hustaafu kwa umri na utumishi. Na asipofanya lolote kati ya hayo, kifo ndicho humwondoa.

Wa kwanza kuuzuliwa alikuwa John Pickering wa New Hampshire, mwezi wa Machi 1804. Alikuwa mlevi, na akili yake ilikuwa imevurugika. Lakini jaribio kubwa lilikuwa la Samuel Chase wa Mahakama ya Juu. Chase alikuwa mmoja wa watu waliotia sahihi tangazo la uhuru la 1776, lile lenye lalamiko la majaji. Aliteuliwa na Rais George Washington mwaka 1796, na alikuwa mtu mkali mwenye maneno mengi. Mwaka 1803, akiwa kitini mjini Baltimore, alikishambulia chama cha Rais Thomas Jefferson mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Wafuasi wa Jefferson wakamshtaki.

Seneti ilikuwa na wajumbe 34, na 25 kati yao walikuwa wa chama cha Jefferson. Kura 23 zilitosha kumwuzulu. Hata hivyo, tarehe 1 Machi 1805 kura zilipohesabiwa, shtaka lililopata kura nyingi kuliko mengine lilipata 19 tu. Maseneta wa chama cha Rais mwenyewe walikuwa wamekataa kumwondoa jaji waliyemchukia. Chase alibaki kazini mpaka alipokufa mwaka 1811. Tangu siku hiyo imekuwa desturi kwamba hukumu isiyopendeza si mwenendo mbaya. Kwa muda wa zaidi ya miaka 200 majaji wa shirikisho walioshtakiwa na Baraza la Wawakilishi ni 15, na waliouzuliwa na Seneti ni 8, wengi wao kwa rushwa, uongo chini ya kiapo, au kukwepa kodi.

Mwenye mamlaka asipoweza kuwaondoa majaji, aweza kujaribu kuwazidi kwa hesabu, kwa kuwa Katiba haikutaja idadi yao. Mahakama ya Juu ilianza na majaji 6 mwaka 1789. Bunge likabadilisha idadi mara kadhaa, hata ikawa 9 tangu mwaka 1869. Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt, ambaye sheria zake kadhaa zilikuwa zimebatilishwa na Mahakama, alipendekeza kuongeza jaji mmoja kwa kila jaji aliyepita miaka 70 asistaafu, mpaka idadi iweze kufika 15. Chama chake kilikuwa na wingi mkubwa katika Seneti. Hata hivyo, mwezi wa Julai maseneta 70 dhidi ya 20 waliurudisha mswada kwenye kamati, nao ukafa humo. Roosevelt alipata alichokitaka kwa njia ya kawaida: kadiri majaji walivyostaafu na kufa, aliteua wapya 8 kabla ya kifo chake mwaka 1945.

Jaji wa Charleston na wakili wake

Faida ya utaratibu huu yaonekana wazi zaidi katika mambo yaliyotokea Kusini mwa Marekani, mahali ambapo watu weusi walibaguliwa kwa sheria. J. Waties Waring alikuwa Mzungu wa ukoo wa kale wa Charleston, South Carolina, na wazee wake walimiliki watumwa. Roosevelt alimteua jaji wa wilaya mwaka 1942. Hakuna aliyemtazamia kufanya jambo geni. Lakini mwaka 1947 Waring aliamua kwamba watu weusi wana haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa awali wa chama kilichotawala jimbo lile. Mwaka 1951, katika shauri la shule za wilaya ya Clarendon, wenzake wawili waliamua kwamba ubaguzi shuleni ni halali. Yeye akaandika peke yake kwamba kuwatenga watoto ndiko kukosa usawa kwenyewe.

Wakazi wa mji wake walimtenga. Nyumba yake ilipigwa mawe, na wanasiasa wa jimbo walidai ashtakiwe na kuondolewa. Jaji wa kupigiwa kura asingevuka uchaguzi uliofuata. Waring alitoa hukumu zake zote akiwa kitini, na mshahara wake haukupungua hata senti moja. Mwaka 1952, alipokuwa ametimiza miaka kumi ya utumishi, alistaafu akahamia New York. Kwa hiyo tusidhani kwamba Katiba yaweza kumpa jaji majirani wema. Humlindia kiti tu, ili neno lililo la haki lipate kuandikwa. Na mwaka 1954 Mahakama ya Juu kwa kauli moja ilisema yale ambayo Waring aliyasema peke yake.

Wakili aliyewaongoza mawakili wa wazazi wa Clarendon alikuwa Thurgood Marshall, na jina hili latuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, Marshall alikwenda London kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa Katiba ya Kenya, akasaidia kuandika rasimu ya haki za raia. Mwaka uliofuata alikuwa yeye mwenyewe akingoja Katiba ya kwao imfanyie haki.

Mwezi wa Oktoba 1961 Rais John Kennedy alimweka Marshall katika mahakama ya rufani ya New York kwa ile njia ya mkato, Seneti ikiwa likizoni. Mwenyekiti wa Kamati ya Sheria alikuwa James Eastland wa Mississippi, mtetezi wa ubaguzi. Kamati ilimzungusha Marshall kwa miezi mingi. Muda wote huo alisikiliza rufani na kutoa hukumu, akijua kwamba Seneti ikinyamaza mpaka kikao kiishe, kazi yake imekwisha. Mwezi wa Septemba 1962 alithibitishwa kwa kura 54 dhidi ya 16. Siku ile kitu kilichobadilika kilikuwa kidogo machoni: kiti kilikuwa kile kile na joho lile lile. Lakini tangu siku ile Eastland hakuwa na la kumfanya.

Mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson alimpendekeza kwa Mahakama ya Juu, na Seneti ikamkubali kwa kura 69 dhidi ya 11. Akawa mtu mweusi wa kwanza kuketi humo.

Gharama ya kinga

Haitakuwa haki tuusifu utaratibu huu bila kutaja ila zake. Ya kwanza ni uzee. William Douglas alikaa Mahakama ya Juu miaka 36, kuanzia 1939 hadi 1975, na hakuna aliyempita. Siku ya mwisho ya mwaka 1974 alipigwa na kiharusi, na akaendelea kushikilia kiti kwa miezi mingi ilhali afya ilikuwa imemwacha. Sheria imejaribu kupunguza tatizo hili kwa kuwawekea majaji mlango wa heshima: jaji wa miaka 65 aliyetumikia miaka 15 aweza kuachia kiti chake, akabaki na mshahara, na akaendelea kusikiliza mashauri machache. Wengine huutumia mlango huo kwa manufaa. Wesley Brown wa Kansas, aliyeteuliwa mwaka 1962, alikuwa akisikiliza mashauri akiwa na miaka 104, naye alikufa mwaka 2012. Lakini mlango uko wazi kwa atakaye, na asiyetaka halazimishwi.

Ila ya pili ni bahati. Marshall alistaafu mwaka 1991, akiwa na umri uliozidi miaka 80. Rais wa wakati huo, George Bush, alikuwa wa chama kingine, akamteua Clarence Thomas, mtu wa miaka 43 ambaye fikira zake zilikuwa mbali na za Marshall. Thomas alithibitishwa kwa kura 52 dhidi ya 48. Afya ya mzee mmoja na tarehe moja ya kalenda zaweza kuugeuza mwelekeo wa Mahakama kwa miaka 30 na zaidi.

Ila ya tatu imezaliwa na hizo mbili. Kwa kuwa mkono wa mteuzi hufunguka mara moja tu, ugomvi wote hukusanyika katika saa ile ya kufunguka. Mwaka 1987 Seneti ilimkataa Robert Bork kwa kura 58 dhidi ya 42, baada ya kampeni kali nchini kote. Mwezi wa Februari 2016 Jaji Antonin Scalia alipokufa, Rais Barack Obama alimpendekeza Merrick Garland. Wakubwa wa Seneti, ambao walikuwa wa chama cha pili, wakasema uchaguzi wa mwezi wa Novemba umekaribia, wakakataa hata kumsikiliza. Jina lake lilikaa bila jibu mpaka likaisha nguvu mwezi wa Januari 2017. Lakini Jaji Ruth Bader Ginsburg alipokufa mwezi wa Septemba 2020, chama hicho hicho kilimthibitisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba, siku 8 kabla ya uchaguzi. Msomaji na apime mwenyewe.

Ndiyo maana wako Wamarekani wanaotaka majaji wa Mahakama ya Juu wapewe muhula wa miaka 18, ili kila baada ya miaka miwili kiti kimoja kiwe wazi na kila Rais apate zamu sawa. Rais Joe Biden aliunga mkono wazo hilo mwaka 2024. Wapinzani wao hujibu kwamba Katiba haina budi kubadilishwa kwanza, jambo lililo gumu sana. Muhula mrefu usiorudiwa ungeuacha mkono wa Rais mtupu vilevile. Swali kubwa ni kama jaji atakayeondoka angali na nguvu atakuwa amekwisha kuutazama mkono mwingine wa kumwajiri.

Tamati

Tumalizie nyumbani. Mwaka 1953 jaji aliyetumikia Malaya chini ya Waingereza, na ambaye aliachishwa kazi mwaka 1942 Wajapani walipoivamia nchi ile, alidai mbele ya mahakama ya London kwamba sheria ya 1701 ilimlinda. Akashindwa. Iliamuliwa kwamba sheria ile haikuyahusu makoloni, na kwamba jaji wa koloni hutumikia apendavyo Mfalme. Nasi wakati huo tulitawaliwa na dola hiyo hiyo. Lalamiko la Wamarekani la 1776 lilikuwa bado lina maana katika upande wetu wa dunia.

Uhuru ulipokuja, nchi zetu ziliandika kinga za majaji katika Katiba zao. Uganda sasa, kwa Katiba ya 1995, jaji huteuliwa na Rais kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Mahakama na idhini ya Bunge, naye hustaafu akiwa na miaka 65 katika Mahakama Kuu na 70 katika mahakama zilizo juu yake. Lakini tumejifunza kwa machungu kwamba maandishi peke yake hayatoshi. Kenya iliwaondolea majaji ulinzi wa viti vyao kwa mabadiliko ya Katiba mwaka 1988, kisha ikawarudishia mwaka 1990. Na hapa Kampala, tarehe 21 Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa na wanajeshi ofisini mwake katika jengo la Mahakama Kuu, siku chache baada ya kuamuru Mwingereza mmoja aliyefungwa kinyume cha sheria aachiliwe. Hakurudi. Hakuna aliyemshtaki, wala aliyempigia kura, wala aliyempa barua ya kustaafu. Palipokosekana maseneta kama wale wa 1805, "maadamu" iligeuka "apendavyo" kwa siku moja.

Kwa hiyo mwanafunzi anapouliza mbona Rais hamwondoi jaji, tumjibu kwamba Katiba inakataza. Kisha tumweleze kwamba mwaka 1805, na tena mwaka 1937, watu waliokuwa na nguvu ya kuivunja kinga hiyo waliamua wasiivunje, ijapokuwa jaji hakuwapendeza. Na tukiwa tunafundisha viunganishi, tutumie sentensi ya majaji kuwa mfano wa "maadamu". Ni neno dogo, na Jaji Kiwanuka alistahili kulifaidi.